Kazi ya Gesi Niliyoipata Lindi

Nilitoka Mpanda kwenda Mtwara kutafuta kazi ya gesi. Miaka ile kila mtu aliyekuwa na cheti cha kidato cha nne na begi lisilochanika aliambiwa aende kusini, gesi imepatikana, vijana wanaajiriwa mpaka wanakimbia. Nilipanda treni hadi Tabora, nikalala stesheni siku mbili kwa sababu kichwa cha treni kiliharibika, nikafika Dar es Salaam nikiwa nimevimba miguu, kisha nikakata tiketi ya basi la Mtwara. Nilikuwa na umri ambao wenzangu walikuwa wanajenga. Mimi nilikuwa nimeshauza magodoro, nimeshika kamba za wapima ardhi, na nimeshawahi kulinda mabwawa ya samaki ambayo hayakuwa na samaki.

Basi lilisimama Mingoyo watu wale. Nikaagiza wali na samaki, nikachagua samaki mkubwa. Nyinyi vijana, nawausia jambo la kwanza: ukiwa safarini, chagua samaki anayelika kabla honi haijapigwa. Nilikuwa bado natoa miba wakati basi linaondoka na begi langu. Jioni ile ile tumbo likaanza kunikata. Msamaria mmoja akanipakia kwenye bodaboda hadi hospitali moja ya upande wa Lindi, ambayo jina lake nalihifadhi, kwa kuwa wenyewe walinitendea wema na mimi ndiye niliyewafanyia ujinga.

Nililazwa siku tatu. Kwa kuwa sikuwa na ndugu wala begi, niliomba daftari nikawa naandika kila kilichoingia tumboni mwangu na kila kilichotoka, na saa yake. Daktari bingwa wa upasuaji akapita kwenye mzunguko wa wodi, akaliona daftari. Alikuwa Mhaya mrefu, Daktari Kamugisha, anayesema Kiswahili cha kitabuni kana kwamba anakisoma ukutani. Akafungua kurasa mbili tatu.

"Nani amekufundisha hii?"

Nikamwambia hakuna, ni upweke tu.

"Mwandiko wako ni mzuri," akasema. "Ukipona usiondoke."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa kukusanya taarifa za utafiti. Na kama mtakavyoona, nilikuja kutafuta kazi ya gesi, na gesi nikaipata.

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Daktari aliwapasua watu wenye saratani ya tumbo na utumbo. Anakata kipande kibovu, anaunganisha vizima, anashona. Swali lake lilikuwa: mtu huyu aanze kula lini, na ale nini, ili apate nguvu na kidonda kipone? Wakubwa wake wa zamani walimfundisha kumnyima mgonjwa chakula siku nyingi. Yeye aliamini kwamba njaa inaua wengi kuliko kisu. Lakini utumbo ukishashikwashikwa na mikono ya watu hulala usingizi. Utajuaje umeamka? Hauna jogoo. Dalili yake kubwa ni moja: mgonjwa anatoa hewa. Kwa nyuma. Hewa hiyo ikitoka, daktari anacheka kama amepata mtoto. Isipotoka kwa siku kadhaa na tumbo likajaa, anaanza kuwaza kwamba ndani kuna kitu kimeziba au kimeachia, na huenda akarudisha kisu.

Kazi yangu ilikuwa kuuliza asubuhi na jioni, na kuandika. Ndiyo au hapana, na saa.

Nyinyi leo mna vishikwambi, mnabonyeza kisanduku, mnaendelea. Sisi tulikuwa na fomu iliyotafsiriwa na daktari mwenyewe, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Nianze na ubani. Daktari alikuwa amesoma kwamba mgonjwa akitafuna kitu chenye utamu, utumbo hudanganyika ukadhani chakula kinakuja, ukaamka. Kwa hiyo siku ya kwanza baada ya kupasuliwa, mgonjwa apewe bigijii. Lakini neno bigijii aliliona la kihuni, halifai kuandikwa kwenye karatasi ya utafiti. Akafungua kamusi, akapata "ubani". Fomu ikasema: Siku ya kwanza, mgonjwa apewe ubani. Nikaisomea familia ya Bi Zuhura wa Sudi, aliyekatwa kipande cha tumbo, bila kupepesa macho. Wakanitazama. Mmoja akauliza kwa sauti ndogo kama daktari ndiye aliyesema. Nikajibu ndiye, na amesisitiza kwamba usicheleweshwe.

Kesho yake asubuhi ukoo mzima ulikuwa chini ya dirisha la wodi na chetezo kinafuka moshi. Wanawake wamejifunga kanga, wanaume wanasoma Yasini. Bi Zuhura akaamka kitandani, akasikia jina lake likitajwa kwenye kisomo, na kwa kuwa alikuwa mwanamke mwenye adabu, kila walipofika mwisho wa dua naye akaitikia amina. Baadaye aliniambia kwamba alidhani ndivyo mauti yalivyo, kwamba unabaki kitandani na mpira puani na unasikia kila kitu.

Huyo alipona. Lakini tangu siku hiyo niliitwa Bwana Ubani kuanzia geti hadi jikoni.

Jambo la pili ni vyakula. Daktari aliagiza mgonjwa akianza kula, mabakuli yapimwe kwenye mizani kabla na baada. Nikapima kwa uaminifu mkubwa. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye siku ya tatu, kwa mujibu wa daftari langu, alikula kuku mzima, ndizi mbivu nne na uji wa lita moja. Daktari alifurahi mpaka akawaita wenzake. Lakini mzee akazidi kukonda, mifupa ya mabega imesimama kama kiango cha kutundikia nguo. Siku moja nikamwona mjukuu wake anayemuuguza akifungua kitufe cha suruali apumue. Nikampandisha kwenye mizani. Basi kumbukeni: ukipima bakuli, mpime na muuguzaji.

Aliyenifunza kufikiri hivyo ni muuguzi mkuu wa wodi, Bi Somoe, mtu wa Kilwa Kivinje, mnene, mwepesi wa miguu. Niliposema shikamoo aliitika marahaba kwa namna ambayo ulijiona umechelewa kusalimu. Aliniita mtu wa bara hata mbele ya wageni. Alikuwa akisema mtu wa bara anauliza swali kama anavunja nazi, anagonga katikati. Lakini wiki nilizoanza kuuliza habari za hewa, Bi Somoe alikuwa likizo kwao, na mimi nikabaki na nyundo yangu.

Fomu ilisema, "Je, umetoa hewa?" Nikasimama mguuni pa kitanda, wageni wa mgonjwa wamekaa pande zote, nikauliza kwa sauti ya kuhesabu kura. Mgonjwa wa kwanza akanijibu kwa upole kwamba hewa inatosha, dirisha liko wazi. Nikaandika hapana. Wa pili akasema yeye hana tatizo na hewa, labda joto. Hapana. Nikabadilisha neno, nikauliza kama gesi imetoka. Wodi nzima ikageuka kunitazama, na mvuvi mmoja wa Kilwa akasema, "Gesi yetu ilishakwenda Dar kwa bomba, bwana mdogo. Kawaulize huko." Watu wakacheka mpaka waliokuwa na mishono wakashika matumbo. Hapana.

Mara moja tu nilitumia lile neno lenyewe, mnalolijua. Mke wa mgonjwa akajifunika uso kwa kanga, na mgonjwa, mtu aliyekuwa hawezi hata kugeuka ubavu, akainuka kunitafutia kiatu. Sikurudia.

Kwa hiyo daftari langu likajaa hapana, kwa mwandiko mzuri, uliolala upande mmoja. Asubuhi hapana, jioni hapana. Daktari Kamugisha alilisoma, akalisoma tena, akaanza kukosa usingizi. Wagonjwa walikuwa wanakula, wanakwenda choo, wanaruhusiwa, lakini kwa mujibu wa utafiti hakuna mtu wa pwani ile aliyewahi kutoa hewa. Akaanza kuandika makala kwamba huenda utumbo wa watu wa kusini una tabia yake ya pekee. Alitafuta sababu kwenye nazi, akatafuta kwenye korosho, akatafuta kwenye maji. Mimi nikimchorea majedwali, nikijivuna.

Ndipo akaja Mzee Mfaume.

Mzee Mfaume alikuwa mkulima wa minazi wa Mchinga, na mwadhini wa msikiti wa kwao kwa miaka mingi kuliko umri wa kipaza sauti chenyewe. Alikatwa kipande cha utumbo mpana. Upasuaji ulikwenda vizuri. Binti yake pekee alikuwa amejifungua wiki ile, kwa hiyo aliyekuja kumuuguza ni mkwe wake, Hamisi, kijana mwenye heshima mpaka inachosha. Alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda, mikono magotini, hakuondoka hata kwenda kunywa chai. Akitaka kupiga chafya alitoka nje.

Siku ya pili Mzee Mfaume alikataa uji. Siku ya tatu akakataa. Hakutaka hata kutafuna bigijii. Alilala chali, midomo imebana, jasho likimtoka, tumbo likipanda kidogo kidogo chini ya shuka. Kila nikiuliza anatikisa kichwa, na Hamisi anatazama sakafu. Hapana, hapana, hapana. Siku ya tano asubuhi daktari akaligonga tumbo kwa kidole, likalia kama ngoma. Alitazama daftari langu, akatazama picha ya eksirei.

"Siwezi kusubiri zaidi," akasema. "Saa nane mchana namfungua tena."

Akanivuta pembeni akaniambia jambo ambalo alilisema taratibu, na kwa mara ya kwanza hakusema kitabuni. Kwamba mzee ana siku tano hajala, damu ni ndogo, na mwili wa namna ile ukikatwa mara ya pili yeye haahidi kumrudisha kitandani. Nikaona karani wa chumba cha upasuaji akiandika jina kwenye ubao. Hamisi akatoka nje. Safari hii haikuwa chafya.

Bi Somoe alirudi kazini asubuhi hiyo hiyo, bado ana hina mikononi ya harusi aliyokwenda. Akachukua daftari apate habari za wodi. Akafunua kurasa, akafunua, akaninong'oneza kama anaogopa kumwamsha mtu.

"Boni, hawa wote hawajatoa?"

Nikasema ndivyo walivyojibu.

"Uliwauliza nini?"

Nikamwambia. Nikamtajia yote, hata neno lile. Bi Somoe akakaa juu ya lundo la mashuka, akacheka bila sauti, mabega yakitingishika, machozi yakamharibia wanja. Kisha akaacha ghafla, maana alikuwa amefika ukurasa wa Mzee Mfaume na ameona saa nane.

Akamtuma Hamisi dafu, akamwambia lazima liwe la mnazi mfupi, kitu ambacho kilimchukua Hamisi mbali sana. Kisha akainama kwenye kitanda, akasogeza mdomo karibu na sikio.

"Shikamoo, mzee wangu. Adhuhuri hiyo inakaribia. Udhu upo?"

Mimi sikujua udhu. Nilikulia kwa mapadri. Niliona tu Mzee Mfaume amefumbua macho kama mtu aliyesikia lugha ya kwao ugenini.

"Upo, mwanangu," akasema. "Upo tangu siku ya pili. Naulinda."

"Unaulinda kwa nini?"

"Kwa nguvu za Mwenyezi Mungu."

Hapo ndipo nilipoelezwa. Mwislamu anapotawadha kwa ajili ya sala, udhu wake hukaa mpaka utenguliwe, na mojawapo ya vinavyoutengua ni ile hewa niliyokuwa naitafuta. Ukitenguka, atawadhe tena. Mzee Mfaume alikuwa anasali kitandani kwa ishara. Siku ile ya pili hewa ilimjia kwa nguvu, akaona la kufanya ni kuizuia. Kwa sababu ikitoka, itabidi amwombe mtu maji. Na mtu mwenyewe ni mkwe wake. Kumwomba mkwe maji saa isiyo ya sala ni kumtangazia mkwe kilichotokea, na kama angekuwa na bahati mbaya, mkwe angekuwa ameshasikia kwa masikio yake. Alisema bora kisu. Alikataa uji kwa hesabu hiyo hiyo: kisichoingia hakitasumbua. Hata usingizi aliufukuza, maana nao hutengua.

Bi Somoe akamkumbusha kwamba mgonjwa anaruhusiwa kutayamamu, kujipaka vumbi safi badala ya maji. Mzee akamjibu kwamba hilo amewafundisha watu kabla yeye hajazaliwa. "Lakini niambie vumbi liko wapi humu. Sakafu mnaideki dawa mara tatu. Ukuta mmeupaka rangi ya mafuta. Nimepapasa mpaka chini ya godoro. Mmemfukuza hata buibui."

Nikatumwa mchanga. Nilikimbia hadi kwenye lundo la mafundi nyuma ya jiko, nikachekecha kwa chujio la chai, nikajaza sinia. Nikarudi mbio, na mlangoni nikakutana na Daktari Kamugisha, amevaa kofia ya upasuaji tayari.

"Boni, hiyo nini?"

"Mchanga, daktari."

"Wa nini?"

"Wa hewa."

Akanitazama kama mtu anayehesabu vitanda vilivyo wazi wodi ya wagonjwa wa akili. Bi Somoe akaja akamweleza, kwa adabu, kwa sentensi fupi. Daktari aliomba daftari langu. Akalifungua mwanzo, akasoma hapana zangu zote upya, na nikaona masikio yake yanabadilika rangi.

"Umeniandikia uongo," akasema, "kwa mwandiko mzuri sana."

Kisha akarudi kuwa daktari. Akasema mzee atapewa mpaka saa kumi, si dakika zaidi, na kwamba mchanga hauingii kwa mtu mwenye kidonda chake bila kuchemshwa. Mchanga ukafungwa kwenye kitambaa cha kijani, ukaingizwa kwenye mtambo wa kuchemshia mikasi na visu, ukatoka na ile tepu yenye mistari inayothibitisha kwamba hakuna kijidudu. Bi Somoe akaubeba kwa mikono miwili kama kitoto kichanga. Mzee Mfaume akauliza kwa wasiwasi kama mchanga uliopikwa unafaa. Shehe aliyekuwa amekuja kumtazama mgonjwa wa kitanda cha jirani akafikiri kidogo, akasema, "Jua la Mchinga huupika kila siku na hatujawahi kuuliza." Swali likaisha.

Hamisi alirudi na dafu lake. Bi Somoe akamzuia mlangoni, akamwambia asiingie mpaka aitwe, na akampa kazi ya kulinda dafu.

Tukasubiri. Daktari alisimama mguuni pa kitanda na saa mkononi. Mimi na kalamu. Shehe na tasbihi. Mzee Mfaume alitutazama mmoja mmoja, akasema kwamba ametoa adhana mbele ya umati wa Idi wala hakuwahi kuona haya kama hii. Tukageuka wote tukatazama ukuta.

Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita. Chumba cha upasuaji wakatuma mtu kuuliza, daktari akamfukuza kwa nyusi. Ilipokaribia saa kumi, ikatoka.

Sitaieleza. Nitasema tu kwamba mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyekuwa amesinzia, aliitika "Marahaba."

Daktari Kamugisha aliandika saa yeye mwenyewe, hakuniamini kalamu. Alipomaliza alivua kofia, akafuta nayo macho, akasema ni jasho. Mzee akaomba sinia. Alipiga viganja kwenye mchanga ule uliokaguliwa na sayansi, akapaka uso, akapaka mikono, akasali alasiri yake. Kisha akauliza kama ule uji bado upo. Ulikuwepo, wa mchele na tui jepesi, na yai aliloagiza daktari ndani. Akala bakuli zima. Nilipima bakuli, nikampima na Hamisi.

Makala ya utumbo wa watu wa kusini ilichanwa siku hiyo. Fomu mpya niliitunga mimi na Bi Somoe, swali likawa: "Udhu umetenguka? Saa ngapi?" Tukauliza kwa kunong'ona, mkwe akiwa nje. Majibu yakaja kama mvua. Mgonjwa mmoja Mkristo kutoka Masasi, nilipomuuliza habari za udhu, alinijibu kwamba kadi yake ameisahau nyumbani, kwa hiyo kwa Wakristo wenzangu tukatafuta neno jingine. Na wageni wa daktari kutoka mbali walipokuja kuona utafiti, walikuta jedwali lenye safu iliyoandikwa UDHU, na ilimbidi awaeleze. Alieleza vizuri. Siku hizo alishaanza kuongea kama watu.

Kwa hiyo nyinyi wenye vishikwambi, ushauri wangu ni mdogo. Mtu akikujibu hapana mara kumi, usimtilie shaka tumbo lake. Litilie shaka swali lako.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa popote. Lakini nina miguu isiyopenda daftari moja, na utafiti ulipofika mwisho nikaaga. Sasa naandika nikiwa Kibondo, natengeneza madirisha ya alumini, na bado nikisikia mtu anabanwa na aibu nakumbuka harufu ya dawa ya kudekia.

Basi la Dar lilisimama Mchinga dakika chache siku ile ya kuondoka. Mzee Mfaume alikuwa amekaa barazani kwake, karibu na barabara, amenenepa. Hamisi alikuwa kwenye ngazi ya basi anasaidia kunifungia mzigo, maana safari hii sikukubali uende bila mimi. Nikamshukuru mzee, nikamwomba radhi kwa siku zile tano. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Bwana Ubani," akasema, "unaondoka hujaniuliza kazi yako."

Nikainama kwenye sikio lake. "Shikamoo, mzee wangu. Udhu upo?"

Akatazama kwanza Hamisi yuko wapi. Yuko mbali.

"Ulikuwepo," akasema. "Umetenguka sasa hivi, ulipokuwa unaniomba radhi. Andika."

Nikatoa kalamu. Karatasi sikuwa nayo, nikaandika saa kwenye kiganja. Adhuhuri ilikuwa imeingia, na alitakiwa kwenye kipaza sauti. Akaninyooshea birika lililokuwa chini ya benchi, bila kumwita mtu mwingine. Nikammiminia. Mikono, mdomo, pua, uso. Konda akapiga ubavu wa basi, dereva akapiga honi, abiria wakaanza kunitukana kwa majina ya mikoa. Lakini huwezi kumwachia mtu birika akiwa amefika kwenye viwiko. Nikamimina mpaka miguu yote miwili, kisha nikakimbia.

Viatu vyangu vilikuwa vimelowa. Vilikauka Somanga.